Tiba ya mikono kwa mgongo: mwongozo kamili wa wiki 12 kwa mgonjwa wa Nyanda za Juu Kusini

Wagonjwa wengi wa mgongo Mbeya, Njombe na Iringa hukwama mahali palepale. Wanakwenda kwa mtaalamu mara mbili, maumivu yanapungua, wanarudi kuinua magunia ya viazi, na wiki inayofuata wanasema tiba haikuwasaidia. Wengine wanasukumwa na kukandwa kila wiki kwa mwaka mzima, nauli inakwisha, na hakuna aliyewahi kuwapima kujua kama wanapona au wanazunguka.

Tiba ya mikono hapa ni ile ya kairopraktiki, yaani kusukuma na kulegeza pingili za uti wa mgongo kwa mkono, pamoja na ile inayofanana nayo inayotolewa na wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi. Wataalamu wa kairopraktiki ni wachache nchini, kwa hiyo mtu wa Tukuyu, Mafinga au Makambako ana nafasi kubwa zaidi ya kuhudumiwa na mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali. Hatua ni zilezile kwa wote wawili.

Shika jambo hili tangu mwanzo: mikono ya mtaalamu hupunguza maumivu kwa saa au siku chache. Kinachorudisha mgongo kazini ni kile unachofanya wewe katika siku hizo ambazo maumivu yamepungua. Asiyefanya kitu hurudi alipoanzia, hata kama aliyemhudumia ana mikono ya dhahabu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote katika orodha hii.
- Vyeti vyako vya hospitali, picha za eksirei kama zipo, na orodha ya dawa zote unazotumia, za dukani na za mitishamba.
- Mkeka au blanketi nene la kutandika sakafuni.
- Taulo moja la kukunja na kuweka nyuma ya kiuno unapokaa.
- Fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita 1 na zaidi; mpini wa jembe au wa ufagio unatosha.
- Mpira au chupa ya maji ya moto, na kitambaa cha kuifunga.
- Suruali au kaptura inayolegea. Anayevaa khanga au gauni avae kaptura ndani, maana utalazwa na kugeuzwa.
- Nauli ya safari 6, itengwe yote kabla ya safari ya kwanza. Wengi huacha tiba safari ya tatu kwa sababu ya nauli tu, na hapo mwili ulikuwa ndio kwanza unaanza kuitikia.

## Hatua ya 1: Hakikisha mgongo wako ni wa kuguswa

Maumivu mengi ya mgongo hayana ugonjwa mbaya nyuma yake. Lakini machache yanao, na hayo yakisukumwa kwa mkono yanaweza kukuachia ulemavu. Usiruke hatua hii.

Nenda hospitali leo hii, usisubiri kesho, ukiwa na mojawapo ya haya: mkojo umegoma kutoka au unavuja bila kujua, kinyesi kinatoka chenyewe, ganzi sehemu za siri na kati ya makalio, au miguu inalegea kadiri saa zinavyokwenda. Hizo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo inabanwa. Dawa yake mara nyingi ni upasuaji wa haraka.

Mwone daktari kwanza, kabla ya mtu yeyote kukusukuma, ikiwa:

- Una homa za jioni, jasho la usiku, unakonda, au kuna pingili moja iliyojitokeza nje na inauma ukiigonga. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa ambayo maambukizi ya VVU yako juu ya wastani wa taifa, na VVU humfungulia kifua kikuu mlango. Pingili iliyoliwa na kifua kikuu ikisukumwa huweza kuporomoka na kuubana uti wa mgongo. Vipimo vya kifua kikuu na VVU hupatikana bila malipo katika vituo vya serikali. Pima.
- Unafuga, unachinja, unazalisha ng'ombe au unakunywa maziwa mabichi, na una homa inayopanda na kushuka pamoja na maumivu ya kiuno. Inaweza kuwa brusela. Hiyo inatibiwa kwa dawa za wiki kadhaa. Meza ya tiba haiiwezi.
- Umewahi kuugua saratani, au wewe ni mwanaume mwenye umri mkubwa unayepata shida ya mkojo na maumivu ya mgongo yasiyotulia hata ukilala. Saratani ya tezi dume hupenda kuhamia kwenye mifupa ya kiuno.
- Ulianguka kutoka kwenye mti, dari au bodaboda. Kwa mzee, hata kuteleza tu kwenye matope kunaweza kuvunja pingili.
- Umetumia dawa za steroidi kwa miezi mingi, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Mjamzito anaweza kutibiwa, ila aseme mapema. Halazwi kifudifudi, na nguvu inayotumika ni ndogo.

Utajua umefanikiwa ukiwa umejibu "hapana" kwa yote, au daktari amekupima na kukuruhusu.

## Hatua ya 2: Chagua mikono

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2005, lilitaja kiwango cha mafunzo ya kairopraktiki: miaka 4 ya masomo ya muda wote, saa zisizopungua 4,200, na kati ya hizo saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Mtu aliyejifunza kwa semina ya wiki mbili, au aliyejifunza kwa kuangalia video, hayuko kwenye kundi hilo. Mkandaji wa mtaani anaweza kukulegeza misuli vizuri, lakini asikuzungushe shingo wala kukukanyaga mgongo.

Kuuliza si utovu wa adabu. Sema hivi: "Shikamoo daktari. Kabla hatujaanza, naomba kujua umesomea wapi kazi hii, na kama leseni yako ipo hapa niione." Mwenye leseni huionyesha bila kununa.

Kama una bima, uliza dirishani kama fiziotherapia inalipiwa na kama unahitaji barua ya rufaa. Wengi wanafika Mbeya mjini kutoka Chunya au Kyela, wanaambiwa barua haipo, na siku inaharibika.

Ondoka ukisikia mojawapo ya haya: kwamba tiba ya mgongo itaponya kisukari, presha, pumu au ugumba, kwamba ulipie mara 40 kwa mkupuo kabla hujapimwa, au kwamba bila yeye utapooza. Maneno hayo hutumika kumuuzia mtu aliyejaa hofu.

## Hatua ya 3: Siku ya kwanza, na makubaliano ya kuandika

Siku ya kwanza huchukua dakika 30 hadi 60, na sehemu kubwa ni maswali na vipimo vya mkono. Mtaalamu atakuuliza maumivu yalianzaje, yanaongezeka ukifanya nini, yanashuka mguuni au la. Atagonga goti na nyuma ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Atakuambia utembee kwa vidole, kisha kwa visigino. Atapima nguvu ya kidole gumba cha mguu na hisia za ngozi. Atainua mguu wako ukiwa umelala chali: maumivu yakichoma kama umeme kupita goti, mshipa wa fahamu huenda umeguswa. Anayekurukia kukusukuma bila kufanya hayo ameruka kazi yenyewe.

Eksirei si lazima. Kwa maumivu ya kawaida yasiyozidi wiki 6, yasiyo na dalili za hatari, picha haibadilishi tiba. Na picha inaweza kutisha bure. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba kati ya watu wasio na maumivu yoyote, diski zilizochakaa, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ukiambiwa "pingili zimesagika", kumbuka kwamba wengi wenye pingili kama hizo wanalima mpaka jioni.

Kabla ya kutoka, andika kwenye daftari mambo manne: tatizo linadhaniwa ni nini, utakuja mara ngapi, tarehe ya kupimwa upya, na gharama yote. Mpango wa kawaida ni mara 6 hadi 12 ndani ya wiki 4, na kipimo upya mwishoni mwa wiki hizo. Anayetoka mbali aombe mpango wa mara 6 wenye mazoezi mengi zaidi ya nyumbani. Wataalamu wazuri hukubali.

Kisha fanya kipimo chako mwenyewe. Chagua kazi tatu zinazokushinda sasa, ziwe zako za kweli: kuinama kufua, kubeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani, kukaa kwenye basi kutoka Mbeya hadi Tukuyu. Kila moja ipe alama kuanzia 0, maana yake siwezi kabisa, hadi 10, maana yake nafanya kama zamani. Pembeni andika maumivu yako ya wastani wa wiki, 0 hadi 10. Andika tarehe. Usijitungie kumbukumbu baadaye. Watu husahau walivyokuwa, na bila maandishi wiki ya nne itakuwa ya kubahatisha.

## Hatua ya 4: Mezani

Utalala kifudifudi, ubavu au chali. Mtaalamu atabonyeza pingili moja moja kutafuta iliyokaza. Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubonyeza polepole kwa kurudiarudia, dakika kadhaa. Ya pili ni msukumo mmoja wa haraka na mfupi, ambao mara nyingi hutoa mlio.

Mlio huo watu wanauelewa vibaya. Ni gesi inayojitenga ndani ya ute wa kiungo pindi kiungo kinapofunguka ghafla, sawa na unapoalisha vidole. Hakuna mfupa uliokuwa umetoka ukarudi. Mlio usiposikika, tiba haijaharibika, na ukisikika sana hujapona zaidi. Msukumo hupunguza maumivu kwa kutuliza mishipa ya fahamu na kulegeza misuli iliyokaza, na ndiyo maana nafuu yake ni ya muda.

Unayo haki ya kusema "simama" wakati wowote. Maumivu yakichoma kuelekea mguuni mezani hapohapo, sema. Mtaalamu abadilishe namna.

Shingo ihesabiwe peke yake. Msukumo wa haraka wa shingo, mara chache sana, umehusishwa na kuchanika kwa mshipa wa damu unaopanda ubongoni, na hilo huleta kiharusi. Kama maumivu yako ni ya kiuno, hakuna sababu ya kuzungushwa shingo. Kama ni ya shingo, omba njia ya polepole. Ukitoka mezani ukapata kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, uso kupinda au maumivu ya kichwa na shingo usiyowahi kuyapata, nenda hospitali moja kwa moja.

## Hatua ya 5: Saa 48 za baada ya tiba

Karibu nusu ya wagonjwa hupata maumivu mapya ya juujuu, uchovu au kichwa kuuma kidogo. Huanza siku ileile na kwisha ndani ya saa 24, wachache hufika 48. Hapa ndipo wengi hukimbia wakidhani wameumizwa. Kama maumivu yako palepale mgongoni na yanapungua kila baada ya saa chache, tulia, mwili unaitikia. Yakishuka mguuni kupita yalivyokuwa, yakija na ganzi au udhaifu, au yakipita siku 3, mpigie mtaalamu kabla ya kwenda tena.

Safari ya kurudi inaweza kufuta nusu ya kazi iliyofanyika. Tembea dakika 10 kabla ya kupanda gari. Kwenye Coaster au basi kaa katikati, si juu ya magurudumu ya nyuma, weka taulo lililokunjwa kiunoni, na simama gari linaposimama. Bodaboda kwenye barabara ya vumbi siku hiyohiyo ni mbaya. Kama hakuna njia nyingine, mwombe dereva apunguze mwendo kwenye mabonde. Omba miadi ya saa 3 au 4 asubuhi ili usikimbizane na gari la mwisho.

Joto husaidia: maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku. Usiweke penye ganzi, utaungua bila kujua. Na tahadhari moja kwa wa Makete, Njombe na Mufindi, ambako Juni na Julai baridi hukaza misuli ya kila mtu: usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana unaua familia nzima usiku mmoja.

Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hutumika kwa siku chache, pamoja na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, presha ya juu au mimba asizitumie bila daktari. Sindano ya diklofenaki ya kila wiki kutoka duka la dawa ni njia ya kuharibu figo polepole.

## Hatua ya 6: Mazoezi, siku 6 kwa wiki

Hii ndiyo tiba yenyewe. Anza siku ya pili baada ya tiba ya kwanza. Jumla ni dakika 20 hadi 25 ukiondoa kutembea.

Kutembea. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni, mahali tambarare. Ongeza dakika 5 kila baada ya siku 4 hadi ufike 30. Rungwe ni milima tupu, kwa hiyo tafuta barabara ya juu ya kilima na uiendee na kuirudia. Kushuka mteremko hutikisa mgongo kuliko kupanda.

Kujiinua kwa mikono. Lala kifudifudi kwenye mkeka, viganja chini ya mabega. Inua kifua kwa nguvu ya mikono, kiuno na nyonga zibaki chini zimelegea. Mara 10, mara nne kwa siku. Zoezi hili ni la wale ambao kuinama na kukaa ndiko kunakowaumiza.

Tazama maumivu yanakwenda wapi. Yakitoka kwenye shavu la mguu yakapanda pajani, kisha yakabaki kiunoni tu, hiyo ni dalili nzuri hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Yakishuka kuelekea unyayo, acha zoezi hilo.

Mzee ambaye miguu humchoka akitembea na kupata nafuu akiinama au akikaa asifanye hili. Njia ya uti wa mgongo wake huenda imekuwa nyembamba. Yeye alale chali, avute magoti kifuani kwa sekunde 10, mara 10.

Mkono na mguu kinyume. Piga magoti na viganja. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo usipinde wala kuzunguka. Shikilia sekunde 10. Fanya mara 6 kila upande, pumzika, mara 4, pumzika, mara 2. Kosa la kawaida ni kuinua mguu juu sana, kiuno kikazama katikati. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kidogo juu ya kiuno. Kikimwagika, umeinua kupita kiasi.

Daraja la ubavu. Lala ubavu, egemea kiwiko na magoti yaliyokunjwa, inua nyonga mpaka mwili unyooke kuanzia bega hadi goti. Sekunde 10, mara 6, 4, 2 kila upande. Bega likiuma, simama na uegemee ukuta kwa kiwiko badala yake.

Kuinua nyonga. Chali, magoti yamekunjwa, miguu chini. Inua makalio, kaza, hesabu 5, shusha. Mara 10, seti 2.

Kukaa na kusimama. Kutoka kwenye stuli bila kutumia mikono, mara 10, seti 2. Magoti yakiwa mabovu tumia kiti kirefu zaidi.

Kanuni ya maumivu: zoezi likiongeza maumivu kwa alama 1 au 2 na yakatulia ndani ya saa chache, endelea. Yakiongezeka zaidi, au ukaamka kesho yake ukiwa vibaya kuliko jana, punguza hesabu kwa nusu kwa siku mbili. Usiache kabisa. Kulala kitandani siku nzima kunadhoofisha misuli haraka kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu kulala: godoro la ugumu wa wastani limeonekana kuwa bora kuliko lile gumu sana. Ubao na sakafu ya saruji havitibu mgongo. Weka mto kati ya magoti ukilala ubavu, chini ya magoti ukilala chali.

## Hatua ya 7: Rudisha kazi kidogokidogo

Usiku diski hunyonya maji na kuvimba, kwa hiyo asubuhi mgongo ni mgumu na huumia kirahisi ukiinama. Saa nzima ya kwanza baada ya kuamka usiiname kwa kazi nzito. Mkulima anayetoka alfajiri atumie saa hiyo kutembea kwenda shamba, na akifika aanze na kazi za kusimama: kukagua, kufunga, kubeba vyepesi.

Jifunze kuinama kwa nyonga. Weka fimbo mgongoni iguse mahali patatu: kisogo, kati ya mabega, na juu ya makalio. Sukuma makalio nyuma, inama, magoti yakikunjika kidogo. Fimbo ikiachana na mahali pamoja, umeinama kwa kiuno. Rudia mara 10 kila siku mpaka ufanye bila fimbo.

Sasa ipeleke kazini:

- Maji. Gawa lita 20 kuwa lita 10 kila mkono. Upande mmoja tu huvuta uti wa mgongo pembeni.
- Jembe. Weka mpini mrefu zaidi, ulime ukiwa umeinama kidogo tu. Badilisha kazi kila dakika 20; ukimaliza kila zamu simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma mara 5.
- Chai. Mchumaji aumwage mzigo wa kapu mara nyingi ukiwa mdogo, hata kama safari za mizani zinaongezeka.
- Jiko. Pandisha jiko juu ya benchi. Kuinamia mafiga saa mbili kila jioni kunarudisha maumivu kimyakimya, na wengi hawalihesabu kama kazi.
- Gunia. Katika wiki 12 hizi usibebe gunia la kilo 100, na lumbesa usiiguse kabisa. Anza na kilo 5 wiki ya tatu, 10 wiki ya tano, 15 wiki ya saba, 20 wiki ya tisa, kama alama zako zinaruhusu. Baada ya hapo, mizigo mikubwa ibebwe na watu wawili.

Kuli wa Mwanjelwa au mpasua mbao wa Mufindi atasema hawezi kukaa bila kazi. Ni kweli, watoto wanakula. Basi aombe kazi ya kupanga, kuhesabu au kushona magunia kwa wiki 4 za mwanzo, na aende kumwambia msimamizi kabla ya kuanza tiba, akiwa na barua ya mtaalamu mkononi.

Mkanda wa mgongo usiutegemee. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri usitumike kama tiba ya kawaida, pamoja na mashine za kuvuta mgongo. Mwongozo huohuo unakubali mazoezi, elimu kwa mgonjwa, kukandwa na tiba ya kusukuma pingili.

## Hatua ya 8: Kipimo cha wiki ya nne

Fungua daftari. Zipe alama upya kazi zako tatu bila kuangalia zile za mwanzo, kisha linganisha.

Wastani umepanda kwa alama 2 au zaidi, au maumivu yameshuka kwa 2. Tiba inafanya kazi. Punguza mahudhurio: mara moja kwa wiki, kisha kila wiki mbili, na mazoezi yaongezeke. Wiki ya 8 wengi hawahitaji tena meza.

Umepanda kidogo. Jiulize kwa ukweli kama mazoezi yalifanyika siku 6 kwa wiki. Kama hayakufanyika, rudia wiki 2 ukifanya. Kama yalifanyika, mwambie mtaalamu abadilishe njia.

Hakuna mabadiliko, au umeshuka. Acha kusukumwa. Omba rufaa kwa daktari wa mifupa, katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kuongezewa mara 12 nyingine za kitu kilekile kilichoshindwa mara 12 ni kutupa pesa. Tazama pia maisha yako kwa ujumla, si mgongo tu: asiyelala usiku, aliyefiwa, mwenye madeni au hofu ya kupoteza kazi hupona mgongo polepole sana. Hilo nalo lina msaada wake hospitalini.

Maumivu yanayoshuka mguuni yana ratiba yake. Wengi hupata nafuu kati ya wiki 6 na 12, kwa hiyo wao wavumilie zaidi, mradi nguvu ya mguu haipungui. Kidole gumba kikianza kushindwa kuinuka au mguu kuburuta, usisubiri tarehe ya kipimo.

## Hatua ya 9: Baada ya wiki 12

Je, uendelee kwenda kila mwezi? Inategemea. Utafiti uliofanyika Uswidi na kuchapishwa 2018 uliwafuata watu wenye maumivu ya kiuno yanayojirudia, ambao tayari walikuwa wameitikia tiba vizuri. Waliopangiwa kurudi kwa ratiba walipata siku pungufu 12.8 za maumivu ya kusumbua kwa mwaka, kuliko waliorudi walipoumwa tu, kwa mahudhurio ya ziada 1.7 hivi. Kwa mtu anayeishi Uyole, faida hiyo inaweza kufaa. Kwa anayetoka Ludewa au Chunya, nauli hiyo hufanya kazi nzuri zaidi ikinunua mpini mrefu wa jembe na benchi la jiko. Aliyepata maumivu kwa mara ya kwanza, au ambaye tiba haikumsaidia, hana sababu ya kuendelea.

Mazoezi yabaki siku 3 kwa wiki, bila kikomo.

Maumivu yatarudi kwa wengi, hasa Novemba na Desemba mashamba yanapofunguliwa, na tena wakati wa kuvuna. Yakirudi, fanya hivi: siku ya 1 na ya 2 punguza mizigo kwa nusu, joto mara mbili, kutembea dakika 10 mara tatu, kujiinua kwa mikono kama lilikufaa. Siku ya 3 rudisha mazoezi mengine kwa nusu ya hesabu. Siku ya 7 uwe umerudi kwenye hesabu kamili. Pitia tena dalili za Hatua ya 1 kila maumivu yanaporudi, maana mgongo wa zamani hauzuii ugonjwa mpya. Wiki 2 zikipita bila nafuu, weka miadi, na ubebe daftari lilelile.